UZI: Nani anaruhusiwa kumleta mwenziwe? Mfangano, mume wa shangazi yangu, na wapenzi wawili waliouliza kama kuna njia

1.
Kila mjadala wa "wageni wanaochukua kazi zetu" ukipamba moto hapa, kuna swali moja huwa linaulizwa kwa kejeli: kwani si aoe tu apate makaratasi? Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa visiwani kwetu aliniuliza swali hilohilo faraghani, ila bila kejeli. Yeye ni Mkenya. Mwenzake ni Mganda, hana kibali chochote. Wote wawili ni wanaume. Nimemjibu. Leo nataka niwajibu na nyinyi, kwa sababu jibu lake lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Simtaji mwanasiasa yeyote, sitaji chama. Kaeni tayari, ni ndefu.

2.
Kwanza mjue ninapotoka. Mfangano ni kisiwa cha Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay. Unapanda boti Mbita, unapita Rusinga na Takawiri, unashuka Sena. Usiku ukisimama juu ya mlima unaona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa kama mji mzima umeelea majini. Baadhi ya taa hizo ni za Wakenya, baadhi za Waganda, na ukiteremka kusini unakutana na za Watanzania. Majini hakuna ukuta. Samaki anavuka, mvuvi anamfuata, na mapenzi huwa yanafuata wavuvi.

3.
Sisi wenyewe wa Mfangano tulikuja. Wazee wetu Abasuba walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda na Busoga, miaka ya 1700 hivi. Lugha yetu ya asili, Kisuba, ni ndugu wa Kiganda, ingawa leo wengi wetu tunazungumza Dholuo. Na hata wazee hao hawakukuta kisiwa kitupu kihistoria: ile michoro ya mawe ya Mawanga ni ya watu waliokuwepo kabla yao. Kwa hiyo mtu wa Mfangano akisimama kwenye mkutano akapiga kelele "wageni warudi kwao," mimi huwa najiuliza anataka tuanze kuhesabu kutoka mwaka gani.

4.
Na huu hapa ukweli ambao haufundishwi sana. Mpaka mwaka 1902, upande wetu huu wa mashariki wa ziwa ulihesabiwa chini ya Uganda. Ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda. Ndipo Waingereza wakachukua kalamu wakauhamishia Himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya. Babu wa babu yangu alilala Uganda akaamka Kenya, na hakusogeza hata kigoda. Hakuna aliyemuuliza. Kutoka siku hiyo, binamu yake wa ng'ambo akawa mtu wa nchi nyingine.

5.
Sasa tuje kwenye ndoa. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, katiba iliweka njia ya ndoa kuelekea uraia. Lakini soma vizuri ilivyosema: MWANAMKE aliyeolewa na raia wa Kenya anaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia. Mwanamume aliyeoa raia wa Kenya? Kimya. Yaani kaka yangu angeweza kumleta mke kutoka Uganda na siku moja mke huyo akawa Mkenya. Dada yangu akileta mume, mume huyo ni mgeni leo, kesho, na siku ya kuzikwa kwake.

6.
Hii si nadharia kwangu. Waya wangu, yaani shangazi, dada wa baba, aliolewa na mvuvi wa kutoka visiwa vya Ssese. Alikuja na wengine baada ya vita vya 1979 kule Uganda. Alikuwa fundi wa nyavu, mpole, mtu wa utani. Kisiwa kilimpokea. Mahari ilitolewa, wazee wakala, mambo yakaisha. Kwa wazee alikuwa mkwe. Kwa serikali alikuwa mtu aliyeingia nchini bila ruhusa na kukaa bila kibali, na kuwa na mke Mkenya hakukumwongezea hata chembe ya haki.

7.
Tena kuna lingine. Katiba ile ya zamani ilisema mtoto aliyezaliwa ndani ya Kenya ni raia ikiwa mzazi mmoja ni raia. Lakini aliyezaliwa NJE ya Kenya alipata uraia kupitia baba tu. Mtoto wa kwanza wa waya alizaliwa ng'ambo, kwa mama mkwe, kwa sababu ndiyo desturi waliyokubaliana. Watatu waliofuata walizaliwa Mfangano. Basi nyumba moja, tumbo moja, sahani moja: watatu Wakenya, mmoja Mganda. Yule mkubwa alipofika umri wa kitambulisho ndipo tulipoelewa maana ya kuzaliwa upande mbaya wa maji.

8.
Mwaka mmoja kulikuwa na msako wa wasio na makaratasi. Mjomba wetu akachukuliwa ufuoni asubuhi, nyavu zikiwa bado zimelowa. Akarudishwa kwao. Waya alienda ofisi moja ya serikali kuuliza afanye nini. Aliyekuwa mezani akamwambia, "Mama, si ungeolewa na mtu wa hapa." Miaka kama miwili baadaye mume alirudi kimyakimya kwa boti, usiku. Tangu hapo aliishi kama mtu anayedaiwa: boti ya serikali ikionekana, anaingia migombani.

9.
Kwa nini nawaeleza haya kabla sijafika kwa wale vijana wawili? Kwa sababu watu hudhani swali la "mapenzi gani yanatambuliwa na uhamiaji" limeanza juzi, limeletwa na wazungu. Hapana. Kwa miaka 47 Kenya ilikuwa na ndoa halali kabisa, za mwanamume na mwanamke, zenye mahari na watoto, ambazo uhamiaji haukuzitambua kwa sababu tu Mkenya mle ndani alikuwa mwanamke. Na sababu zilizotolewa ni zilezile mnazozisikia leo: wageni watatumia mwanya, ndoa zitakuwa za uongo, utamaduni unasema mke humfuata mume.

10.
Tarehe 4 Agosti 2010 tulipiga kura ya maoni. Karibu asilimia 67 walisema ndiyo, na Katiba mpya ikazinduliwa tarehe 27 Agosti. Kifungu cha 14: mtoto ni raia wa kuzaliwa mama AU baba akiwa raia, awe amezaliwa wapi. Kifungu cha 15: MTU aliyekuwa kwenye ndoa na raia kwa miaka isiyopungua saba anaweza kuomba kusajiliwa. Neno ni "mtu", wala si "mwanamke" peke yake. Kwa neno hilo moja mjomba alitoka migombani. Na mwanya uliotabiriwa? Miaka saba ndani ya ndoa si mwanya, ni mtihani.

11.
Lakini Katiba hiyohiyo ina Kifungu cha 45(2): kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya 2014 ikakaza: ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Sasa unganisheni. Mlango wa uhamiaji umeandikwa "ndoa". Na ndoa imeandikwa "mume na mke". Kwa hiyo wale vijana wawili hata wakikaa pamoja miaka 30, saa ya miaka saba haianzi kuhesabu. Hili hata wakili mzuri hawezi kulizunguka.

12.
Niwe mkweli kwa upande wa pili, kwa sababu huu si uzi wa kupiga kelele. Wanaotetea Kifungu cha 45 wana hoja moja nzito: wananchi waliisoma, wakaipigia kura, wakaipitisha. Haikuletwa usiku. Na ukienda Sena leo ukauliza watu kumi, wengi watakwambia wanataka ibaki hivyo. Asiyelikubali hilo anajidanganya. Swali langu ni dogo kuliko la ndoa: mtu ambaye hatutaki kumwita mke au mume wa Mkenya, je, tumwache abaki na mlango wowote mwingine, au tuifunge yote?

13.
Hoja ya kwanza mnayoisikia: "Mambo haya si ya Kiafrika, sheria yetu inalinda mila." Haya, sheria yenyewe imetoka wapi? Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotaja tendo "kinyume cha maumbile", adhabu mpaka miaka 14. Babu yake ni kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, iliyoandikwa na Waingereza. Waliileta Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1890, kisha mwaka 1930 wakaweka kanuni nyingine iliyofuata mfano wa Queensland, Australia. Unaweza kuipenda sheria hiyo. Lakini usiseme imeandikwa na babu yako wa Mfangano.

14.
Na mila zetu zenyewe hazikuwa nyepesi hivyo. Nenda jirani tu, Kaunti ya Migori, kwa Wakuria. Huko mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwingine. Watoto atakaozaa huyo binti na mwanamume wanakuwa wa nyumba ya yule mama aliyetoa mahari. Upande wa Tarime, Tanzania, wanaiita nyumba ntobhu. Tuelewane: HAYA SI MAPENZI YA JINSIA MOJA, na Mkuria atakasirika ukisema hivyo. Ni ndoa ya ukoo, ya urithi na jina. Lakini ni ndoa, na pande zote mbili ni wanawake.

15.
Wanandi nao wanayo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilikuwa na kesi ya urithi: mwanamke aliyekuwa ameolewa na mwanamke kwa mila ya Kinandi alidai nafasi yake kwenye mali ya marehemu. Mahakama ikaitambua ndoa hiyo ya kimila kwa ajili ya urithi. Kwa hiyo mahakama ya Kenya ilishawahi kumtazama mwanamke na mwanamke, ikasema hapa kuna familia yenye haki. Na Kifungu cha 45(4) kinaruhusu Bunge kutunga sheria za kutambua ndoa za mila na dini mbalimbali.

16.
Sasa fikirini. Wakuria wako pande zote mbili za mpaka, Migori na Tarime. Mama wa Kehancha akimtolea ng'ombe binti wa Tarime, huyo binti ni nani mbele ya afisa wa uhamiaji? Mila inasema mke wa nyumba hii. Sheria ya 2014 inasema mwanamume na mwanamke. Watoto wake watauliziwa: mama yenu raia wa wapi, baba yenu ni nani? Wanaopiga kelele kuhusu mila hawajawahi kumsimamia binti huyu hata siku moja. Huwa wanachagua kipande cha mila wanachokipenda, kingine wanakiacha nje kwenye mvua.

17.
Hoja ya pili: "Basi wakaombe ukimbizi." Hapa tuingie ng'ambo. Uganda ilitia saini sheria kali mwanzoni mwa 2014, Mahakama ya Katiba ikaifuta Agosti mwaka huohuo. Mei 2023 ikaja nyingine: kifungo cha maisha, na kifo kwa kosa linaloitwa "lililokithiri". Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliondoa baadhi ya vifungu, mfano wajibu wa kuripoti watu na adhabu ya kuwapangisha nyumba, lakini mwili wa sheria ukabaki. Tangu 2014 Waganda wamekuwa wakivuka kuja Kenya kwa sababu hii. Wengine wanapita Busia. Wengine maji yapo tu.

18.
Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na imesaini Mkataba wa 1951. Mtu anayeteswa kwa sababu yumo katika kundi fulani la kijamii anaweza kuomba hifadhi, na kuingia bila kibali peke yake si sababu ya kumfunga akijitokeza mapema na kueleza. Kwenye karatasi, mlango huo uko wazi. Kwenye maisha, anayeomba lazima amweleze afisa wa serikali yenye Kifungu cha 162 kwamba anakimbia kwa sababu ya kitu ambacho hapa pia ni kosa. Kisha kwa kawaida anatarajiwa kuishi kambini, Kakuma au Dadaab. Na mpenzi wake Mkenya? Si mkimbizi. Hana nafasi kwenye faili hilo.

19.
Mei 24, 2019, majaji watatu wa Mahakama Kuu Nairobi walikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165. Mojawapo ya sababu zao: kufuta kungefungua njia ya kuishi pamoja kinyume na roho ya Kifungu cha 45. Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa kura 3 dhidi ya 2, ikasema shirika la kutetea watu hawa haliwezi kunyimwa usajili kwa sababu ya ubaguzi. Ombi la kupitia upya uamuzi huo likatupwa Septemba mwaka huo. Kwa hiyo leo sheria inakuruhusu kusajili chama chenu, ila ndani ya nyumba yako bado wewe ni mshukiwa. Huu ndio mkanganyiko wetu.

20.
Hoja ya tatu: "Hakuna nchi ya Afrika itakayokubali." Ipo. Afrika Kusini, tarehe 2 Desemba 1999, Mahakama ya Katiba iliamua kesi ya wapenzi kadhaa, kila mmoja na mwenzake mgeni. Sheria ya uhamiaji ilimpa nafuu "mke au mume" wa mkazi. Mahakama ikasema kuwaacha nje wapenzi wa jinsia moja walio kwenye maisha ya kudumu ni ubaguzi, ikaongeza maneno ya kuwajumuisha ndani ya sheria. Tazameni mwaka: 1999. Ndoa yenyewe ilikuja kuhalalishwa 2006. Yaani walitangulia kujibu swali la "je, huyu afukuzwe?" kabla ya swali la "je, tuiite ndoa?" Maswali haya mawili yanaweza kutenganishwa.

21.
Marekani, ambayo wengi mnaitolea mfano, ilichelewa kuliko Afrika Kusini. Mwaka 1975 Mmarekani Richard Adams na Mwaustralia Anthony Sullivan walipewa cheti cha ndoa huko Boulder, Colorado. Wakaomba makaratasi ya Sullivan. Wakakataliwa kwa barua ya matusi, wakaenda mahakamani, wakashindwa mwaka 1982. Ni mpaka Juni 26, 2013 Mahakama ya Juu ya huko ilipoiondoa sheria iliyozuia serikali kuu kuzitambua ndoa hizo. Adams alikuwa ameshafariki 2012. Sullivan alipata kadi ya ukaazi mwaka 2016, kama mjane wa kiume. Miaka 41, na aliyemwombea hakuwepo kuiona.

22.
Na msidhani ndoa huko ni ufunguo wa kila kufuli. Wakenya mlioko huko mnajua. Mwenzi wa raia aliyeingia kwa viza halali, hata kama imeisha, kwa kawaida anaweza kurekebisha hali yake akiwa ndani. Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa kwa kawaida lazima atoke kwenda kuhojiwa ubalozini, na akitoka, sheria ya 1996 inamzuia kurudi miaka 3 ikiwa alikaa bila kibali zaidi ya siku 180, au miaka 10 ikiwa mwaka na zaidi. Kuna msamaha wa kuomba, lazima uonyeshe mateso makubwa kwa mwenzi au mzazi mwenye makaratasi. Sheria hiyo haiangalii jinsia. Inawabana wote sawa. Na Januari 2025 mpango wao wa kupokea wakimbizi kutoka nje ulisimamishwa.

23.
Haya, nilimwambia nini yule kijana? Nilimpangia hivi.
Moja: ndoa haipo. Asidanganywe na mtu wa kuuza vyeti, wala asimtafutie mwenzake mke wa kukodi. Ndoa ya uongo ni kosa, na huyo mke wa kukodi atawashika koo maisha yote.
Mbili: mwenzake ni Mganda, yaani raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja inafanya kazi tangu Julai 2010, na tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Akipita mahali rasmi anapewa kibali cha kukaa mpaka miezi sita. Bure.

24.
Tatu: akiwa na kazi ya kueleweka, aombe kibali cha kazi kwa jina lake, kwa ufundi wake. Miaka saba ya ukaazi HALALI mfululizo nayo ni njia ya kuomba uraia, bila kuwa mke au mume wa mtu. Ni ndefu, lakini ni yake mwenyewe.
Nne: ikiwa kurudi Uganda ni hatari ya kweli, ukimbizi, na asichelewe, na asiende peke yake. Awe na wakili au shirika la msaada wa kisheria kabla hajafungua mdomo.
Tano: hata baada ya hayo yote, hakuna karatasi Kenya itakayosema hawa wawili ni kitu kimoja. Hospitalini, mahakamani, mazikoni, kila mmoja ni mgeni wa mwenzake.

25.
Shida ya njia ya pili mmeiona? Ili apate muhuri lazima kwanza atoke, arudi kwao, apite Busia kama mtu mwingine. Kwa mvuvi wa kawaida hilo ni nauli na siku mbili. Kwa mtu ambaye kijijini kwao jina lake limeshasemwa, ni kuingia mdomoni mwa mamba ili utoke na karatasi. Na akibaki bila kibali, sheria yetu ya uhamiaji inampa faini ya mpaka shilingi 500,000 au kifungo cha mpaka miaka mitatu, au vyote. Hapo ongezeeni Kifungu cha 162. Ndiyo maana watu wa aina hii hawaendi polisi wakiibiwa injini, wala hawaendi zahanati mapema. Jirani mwenye chuki anaweza kuwatoza kila mwezi, na wanalipa.

26.
Najua wengine mtasema: wewe unatetea. Mimi naeleza kwanza. Lakini msimamo wangu sitauficha. Siombi Kifungu cha 45 kibadilishwe kwenye uzi huu. Nasema sheria inaweza kukataa kuiita ndoa na bado ikakataa kumrudisha mtu mahali atakapofungwa maisha. Inaweza kumpa mtu wa Jumuiya nafasi ya kurekebisha kibali chake akiwa hapa hapa, awe anampenda nani, ili hata mume wa shangazi ya mtu mwingine asilale migombani. Hilo lingewasaidia wavuvi wengi sana wa Remba, Ringiti na Mfangano ambao hawana uhusiano wowote na mjadala huu wa jinsia.

27.
Maana tusisahau: kwetu wasio na makaratasi si wachache wa ajabu. Kule Migingo, upande wa Migori, nchi mbili zimevutana tangu 2008 na 2009 juu ya mwamba usiofika hata ekari moja, na watu wa pande zote wanaendelea kuuza mbuta na kupika chai pamoja pale juu. Wanasiasa wakiondoka na kamera zao, mama wa Kiganda anamkopesha sukari mama wa Kijaluo.

28.
Nimalizie kwa mjomba. Katiba ilipobadilika 2010 tulisherehekea mapema mno. Ofisi zilitaka cheti cha ndoa. Ya kwao ilikuwa ya kimila, haina cheti. Usajili wa ndoa za kimila ulianza Agosti 2017. Wakaenda, wazee wawili wameshikana mikono, wakasajili ndoa yenye umri kuliko karani aliyewaandikia. Ombi la uraia likaingia. Mjomba alifariki 2019 faili likiwa bado linasubiri. Tulimzika Mfangano, juu kidogo ya ufuo aliochukuliwa. Binti yake mkubwa, yule wa ng'ambo, sasa ana kitambulisho cha Kenya kupitia mama.

29.
Yule kijana aliposoma majibu yangu aliandika mstari mmoja: "Kwa hiyo serikali inamwona ni mgeni wangu tu?" Nikamwambia ndiyo, mgeni wa miezi sita. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenzake ameshashika jembe miaka minne: anatega, anashona nyavu, analipa ada ya ufuo kama sisi. Wiki hii wanachanga nauli ya kwenda kumwona wakili Kisumu. Nimewaambia waende wote wawili, na wabebe kila risiti waliyonayo.

Mwenye swali la kweli aulize hapo chini. Mwenye matusi, ziwa ni pana.